Naomba ushauri: tunakwenda Njombe Krismasi hii na mtoto wa miaka sita, nifanye nini asiugue njiani?

Mama Wema (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Tumepanga kusafiri tarehe 23 Desemba kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe, ukweni kwangu, kwa basi linaloondoka Mbezi Luis alfajiri. Tutakuwa mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na moja na mdogo wake wa kiume mwenye miaka sita. Huyu mdogo ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu safari huwa zinamsumbua, na mwaka huu nataka afike akiwa mzima, ale sikukuu na kucheza na binamu zake kama watoto wengine.

Naomba mnisaidie kujua chakula gani nimfungie ambacho hakitaharibika, dawa gani ya kuzuia kutapika nimpe kabla hatujaanza kupanda Kitonga, na nguo kiasi gani zinatosha kwa baridi ya kule. Kuhusu maji nimeshaamua nimpe ya kulowanisha midomo tu, kwa kuwa mabasi hayasimami ovyo na sitaki awe anamsumbua konda kila mara kwa kutaka kujisaidia. Natanguliza shukrani.

Mwana wa Kitonga

Karibu nyanda za juu, shemeji yetu. Barabara hiyo nimeipita tangu nikiwa mwanafunzi wa bweni, kwa hiyo naomba nijibu la kutapika, kwa maana hilo nalijua vizuri. Jitahidini mpate viti vya mbele, mtoto akae mahali anapoiona barabara kupitia kioo cha dereva, wala asipewe simu ya kuchezea, kwa sababu macho yakiwa kwenye simu huku mwili ukiyumba kwenye kona ndipo kichefuchefu kinapoanza. Asubuhi ale kitu chepesi kama mkate mkavu au viazi vya kuchemsha, asinywe maziwa wala supu yenye mafuta.

Mimi nilikuwa natapika kuanzia kona ya kwanza ya Kitonga hadi Ilula, na mama yangu alikuwa ananibebea mifuko mingi kuliko nguo. Ilikoma nilipozoea kukaa mbele na kufungua dirisha kidogo. Tukifika juu abiria wote walikuwa wananipigia makofi, na hadi leo nikikutana na dada zangu wananikumbusha.

Dada Pili

Mama Wema, mimi nitajibu la chakula. Usimfungie wali wala nyama yenye mchuzi, kwa sababu chakula kilichofungwa saa kumi usiku kikiwa cha moto kwenye bakuli lenye mfuniko, kisha kikapita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni, kitakuwa kimechacha kabla hamjafika Iringa. Mfungie mihogo au viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, ndizi mbivu ambazo hazijamenywa na mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake. Kwenye vituo vya kula mnunulie kinachotoka jikoni kikiwa na moto. Matunda yaliyokatwa na kuwekwa kwenye vifuko yanayopitishwa madirishani yaacheni kabisa, hata kama yanapendeza kwa macho, kwa sababu hujui kisu kilioshwa kwa maji gani.

Nayasema haya kwa uchungu. Sikukuu moja nilikwenda kwetu Singida na wanangu, tukanunua mananasi yaliyokatwa, na siku ya Krismasi yenyewe tuliipitishia zahanati, watoto wawili wakiharisha kwa kupokezana. Tangu hapo sisafiri bila pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye mkoba wa mkononi. Wengi huziweka kwenye begi kubwa, begi linaingia buti, na mtoto anapozihitaji hazifikiki.

Sauti ya Nyikani

Ndugu zangu, nadhani tunajibu mambo madogo na kuliacha kubwa. Kwa nini familia nzima isafiri tarehe 23, siku ambayo Watanzania wote wako barabarani, nauli zimepanda na madereva wamechoka kwa safari za mfululizo? Wazee wetu hawakuwa na haraka hii. Mtu alikuwa anakwenda kijijini mapema Desemba, shule zikishafungwa, anapumzika, anasaidia shambani, na sikukuu inamkuta akiwa na nguvu. Siku hizi mtu anafika tarehe 24 usiku akiwa hoi na kugeuza tarehe 27, halafu tunashangaa watoto wanaugua. Dada, kama likizo ya mumeo inaruhusu, badilisheni tarehe.

Muuguzi wa Zamu

Mama Wema, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea salamu zangu. Kabla sijasema lolote kuhusu dawa ya kutapika, naomba unijibu. Umesema safari huwa zinamsumbua mtoto. Zinamsumbua namna gani hasa? Anatapika tu, au anaumwa kitu kingine akishafika? Na je, kuna dawa yoyote anayotumia kila siku?

Mama Wema

Asante dada, marahaba. Anatapika, na mara nyingine akifika analalamika miguu na mgongo, lakini nadhani ni kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Kuhusu dawa, anatumia foliki asidi kila siku na nyingine ya kidonge ambayo anapewa kliniki. Ana tatizo kidogo la damu, lakini limedhibitiwa, kwa hiyo naomba tusiliwekee uzito. Ninachotaka kujua ni dawa ya kutapika na nguo.

Muuguzi wa Zamu

Dada, hilo ulilotaka tusiliwekee uzito ndilo lenye majibu ya maswali yako yote. Je, mtoto ana selimundu, yaani ule ugonjwa wa kurithi unaozikunja seli za damu kama mundu? Na mara ya mwisho alilazwa lini?

Mama Wema

Ndiyo, ana selimundu. Tuliruhusiwa wodini wiki iliyopita. Alikuwa na homa na maumivu ya kifua, akawekewa oksijeni na kuongezewa damu, na sasa anakula, anacheza, anakimbia uani, huwezi kujua kama alikuwa mgonjwa. Tarehe yake ya kurudi kliniki ni 24 Desemba, lakini tulipanga tuende tukisharudi Januari, kwa kuwa dawa alizonazo zitatosha.

Tafadhali msinihukumu. Tiketi nne mume wangu alishazikata tangu Novemba, baba mkwe ametimiza miaka themanini na amewaita wajukuu wote, na mtoto mwenyewe kila siku anauliza siku zimebaki ngapi. Siwezi kumwambia kwamba yeye peke yake ndiye hatakwenda.

Muuguzi wa Zamu

Hakuna anayekuhukumu, na mama anayemlea mtoto wa selimundu nampa heshima zote. Lakini naomba usome haya polepole, ikiwezekana na mume wako awe karibu.

Nianze na maji, kwa sababu umesema umeshaamua. Figo za mtoto mwenye selimundu hazina uwezo wa kawaida wa kubana maji mwilini, ndiyo maana watoto hawa hukojoa mara nyingi na wengi wao huendelea kukojoa kitandani wakati wenzao wameshaacha. Ukimnyima maji ataendelea kukojoa kwa muda, na mwili utakauka haraka kuliko wa dada yake. Damu ikishapungukiwa maji, seli zile zilizojikunja kama mundu zinanasana kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu ya miguu na mgongo yanapoanza. Kwa maelezo yako, yale maumivu anayofika nayo Njombe hayatokani na kukaa. Huenda yanatokana na kiu. Awe na chupa yake mkononi na anywe bila kuulizwa. Mwambieni konda tangu mnapopanda kwamba mna mtoto mgonjwa, basi litasimama mchimbe dawa, na abiria watavumilia. Kutapika nako ni njia ya kupoteza maji, kwa hiyo dawa ya kutapika achaguliwe na daktari wake anayejua anatumia nini kingine. Usimnunulie dukani kwa kukisia.

Kisha kuna mahali mnapokwenda. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu yake. Hewa ya huko ina oksijeni pungufu, na baridi inabana mishipa. Mtu mzima mwenye afya haoni tofauti kubwa. Mtoto ambaye wiki iliyopita mapafu yake yalihitaji oksijeni hayuko kwenye kundi hilo, na kumpeleka huko kabla daktari hajamsikiliza kifua tena ni jambo ambalo mimi nisingelifanya kwa mwanangu.

Mwisho, kliniki ya tarehe 24 haikupangwa kwa bahati. Baada ya kuongezewa damu wanataka kupima kiwango cha damu na kuona kama kifua kimepona. Kumbuka pia kwamba wachangiaji wetu wengi wa damu ni wanafunzi wa sekondari, na Desemba shule zimefungwa. Mtoto akihitaji damu tena wakati wa sikukuu, kuipata kunaweza kuchukua muda popote atakapokuwa.

Babu wa Ilula

Wajukuu zangu, namheshimu muuguzi, lakini tusimtie mama huyu hofu kupita kiasi. Mwanangu wa kaka yangu ana ugonjwa huo, sasa ni mwanaume mwenye ndevu na anafanya kazi Mafinga kwenye mbao, baridi yote ile. Dawa ni kumvika. Sweta, soksi za sufu, kofia inayofunika masikio, na usiku asioge maji ya baridi. Isitoshe, watu wenye selimundu hawaugui malaria, kwa hiyo upande huo mama huna haja ya kuhangaika na chandarua.

Kama mnaogopa safari ndefu, ikateni katikati. Laleni Iringa usiku mmoja, mtoto anyooshe miguu, ndipo mmalizie asubuhi. Na mkipita Ilula nunueni nyanya, ziko za kumwaga.

Muuguzi wa Zamu

Babu, shikamoo. La kulala Iringa ni wazo zuri, na la nguo nakuunga mkono. La malaria naomba nilisahihishe kwa heshima, kwa sababu limewaponza wengi. Anayepata kinga ya malaria kali ni yule aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye haumwi selimundu. Aliyerithi viwili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria ikimpata humpiga vibaya kuliko mtoto mwingine, kwa kuwa damu yake tayari ni chache. Njombe malaria ni kidogo sana, hilo ni kweli, lakini mtoto anatoka Dar, atapita Morogoro na atarudi Dar. Chandarua ni lazima, na kama kliniki walimwandikia dawa ya kuzuia malaria asikose hata siku moja.

Mchunguzi

Samahani kwa kuingilia, lakini nimeusoma uzi huu kutoka juu na kuna mambo hayalingani. Mwanzoni mtoto ni mzima, anasumbuliwa na safari tu. Baadaye ana tatizo kidogo la damu. Alipobanwa likawa selimundu, na alipobanwa tena tukaambiwa aliwekewa oksijeni na kuongezewa damu wiki iliyopita. Mzazi gani anatoka wodini na mtoto wa namna hiyo halafu anakuja kuuliza habari za viazi na sweta? Akaunti yenyewe ni mpya. Uzi wa aina hii tumewahi kuuona hapa: mgonjwa huzidiwa hatua kwa hatua, na mwisho huwekwa namba ya simu ili watu watume michango. Nawashauri wanajukwaa wawe waangalifu.

Dada Pili

Mchunguzi, hata kama ungekuwa na haki ya kushuku, maneno haya ni mazito kwa mama anayeuguza. Lakini Mama Wema, nami nakiri nimejiuliza swali moja. Daktari aliyewaruhusu alisemaje kuhusu safari?

Sauti ya Nyikani

Nami naunga mkono swali la Dada Pili. Ukweli humweka mtu huru, na ushauri unaojengwa juu ya nusu ya habari unaweza kumdhuru mtoto.

Mama Wema

Sitaomba mchango wa mtu yeyote, na msimamizi akitaka kufunga uzi huu naomba aufunge baada ya jibu langu.

Mchunguzi, mwanangu mkono wa kushoto bado una alama ya plasta pale walipomwekea sindano ya damu, na hataki niiguse wakati wa kumwogesha, ananiambia "hapo ni pa daktari". Usiku naamka kumsikiliza anavyopumua. Sikuja hapa kuuliza habari za viazi kwa kuwa sijui mwanangu ana nini. Nilikuja na maswali ya viazi kwa kuwa hayo ndiyo niliyoruhusiwa kuuliza.

Daktari hakusema chochote kuhusu safari kwa sababu sikumwambia. Na sikumwambia kwa sababu ukweni hawajui. Mume wangu hataki ndugu zake wajue mtoto ana selimundu. Anasema watasema ugonjwa umetoka kwetu, kwa kuwa mimi ni wa Mwanza na kwao hawajawahi kuusikia, na wengine watatafuta mganga. Kila mwaka tukifika huko dawa nampa chumbani nikiwa nimefunga mlango, na akiumwa miguu tunasema amechoka. Mwaka jana wanaume walimpeleka mtoni kuogelea na binamu zake nikiwa jikoni, akarudi anatetemeka, nikamfunika mablanketi usiku kucha bila kumwambia mtu sababu. Sasa mnielewe. Nikikataa kwenda, itabidi niseme kwa nini.

Kaka Mkubwa

Mama Wema, pole sana. Mimi ni baba wa binti mwenye selimundu, na naomba niseme na mumeo kupitia kwako.

Ndugu yangu, ugonjwa huu haurithiwi kwa upande mmoja. Ili mtoto augue ni lazima apate kinasaba kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama, kwa hiyo hakuna ukoo wa kulaumiwa, ninyi wawili mmechangia sawasawa bila kujua. Kila mwaka huzaliwa Tanzania watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 wenye ugonjwa huu, na wengi wazazi wao hawakuwahi kusikia mgonjwa katika ukoo. Mimi nami niliwaficha wazazi wangu kwa muda mrefu. Siku binti yangu alipobanwa na maumivu kijijini kwetu, mimi na mama yake tulikuwa mjini tumefuata mahitaji, na bibi yake, kwa mapenzi yake yote, alimkanda mguu kwa maji ya baridi kwa kuwa alidhani ameteguka. Hakufanya kosa lolote. Hakuwa ameambiwa.

Wale binamu waliompeleka mwanao mtoni nao hawakuwa na ubaya wowote. Tuseme safari hii anaamka na homa, na ninyi mmekwenda kanisani. Nani atajua kwamba ni ya kukimbizwa hospitali?

Mchunguzi

Mama Wema, naondoa nilichosema kuhusu michango, na nakuombea mtoto wako apone. Swali langu la msingi lilikuwa kwa nini daktari hakuulizwa, na sasa limejibiwa. Naomba umpigie kesho asubuhi.

Mwana wa Kitonga

Kwa atakayesafiri na mgonjwa kwenye barabara hii, hospitali zipo kwa hatua. Morogoro kuna ya rufaa ya mkoa, Mikumi kuna Mtakatifu Kizito, Iringa kuna ya rufaa ya mkoa na Tosamaganga haiko mbali, karibu na Makambako kuna Ilembula, na Njombe kuna ya rufaa ya mkoa. Ziandikeni kwenye karatasi kwa mpangilio huo, maana mtoto akizidiwa saa nane mchana katikati ya njia hakuna anayekumbuka majina. Kadi ya kliniki na ya bima ziwe kwenye mkoba wa mkononi.

Mama Wema

Wakuu, ninarudi na majibu. Nimepiga simu kliniki. Wamesema tarehe 24 twende bila kukosa, na kwamba kwa kifua alichokuwa nacho hawashauri asafirishwe kwenda nyanda za juu kabla hawajampima, na hata wakimpima hawatoi ahadi ya Januari. Mume wangu alikasirika mwanzoni, kisha akaomba simu yangu akausoma uzi huu wote peke yake sebuleni. Jana usiku alimpigia mama yake. Walizungumza muda mrefu, na mimi sikusimama karibu.

Ataondoka na binti yetu tarehe 23, mimi nitabaki na mdogo. Wenye basi wamekubali kusogeza tiketi zetu mbili hadi mwezi ujao, nauli ya sikukuu hawakurudisha. Bado nadhani ningeweza kumtunza vizuri njiani kama ningepewa maelekezo, na roho inaniuma anavyonuna kila akiona begi la dada yake. Mama mkwe ameniomba nimwandikie dalili za kuangalia, ili siku mtoto akija asikae gizani. Muuguzi, naomba unisaidie kuziandika kwa maneno ambayo mzee wa kijijini ataelewa.

Muuguzi wa Zamu

Mwandikie hivi, kwa herufi kubwa, mume wako ampelekee. Mtoto akiwa na joto linalofika nyuzi 38, au akichemka ukimgusa na hakuna kipimajoto, ni hospitali hapohapo, asisubiri asubuhi. Vivyo hivyo akilalamika kifua au akipumua kwa shida, akipauka ghafla viganja na midomo, akishindwa kunyanyua mkono au mguu wa upande mmoja, au akiongea kwa kukwama kuliko kawaida yake. Bibi amlaze chali ampapase tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu siku ambayo ni mzima, ili ajue kawaida yake, na akikuta limevimba na kuwa gumu ampeleke. Maumivu ya kawaida ya miguu aanze kwa kumpa maji mengi, kumpa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na kumkanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Asitumie maji ya baridi.

Na daktari aliyemhudumia mtoto aandike barua fupi yenye kundi la damu, dawa anazotumia na tarehe aliyoongezewa damu. Karatasi hiyo ibaki na bibi.

Msomaji Kimya

Samahani, mimi husoma tu hapa na sijawahi kuandika. Mwanangu wa miaka minne kila tukienda Makete sikukuu anaamka usiku analia miguu, na vidole vyake viliwahi kuvimba alipokuwa mchanga. Tumekuwa tukisema ni baridi. Hajawahi kupimwa. Je, kipimo kinapatikana wapi, na ni lazima niende Dar?

Muuguzi wa Zamu

Si lazima. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu nawe, waambie habari ya vidole kuvimba akiwa mchanga, kwa sababu hiyo ni moja ya dalili za mwanzo kabisa. Watamchukua damu kidogo kwa kipimo cha awali, na kikionesha chochote watahitaji cha pili kinachotenganisha mgonjwa na aliyebeba kinasaba kimoja, ambacho sampuli yake inaweza kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Unaishi mkoa gani, na mmepanga kuondoka lini?